Kuulinda Mto Lualaba ni kazi ya amani

Kipindupindu kinapoingia kijijini, swali la kwanza mara nyingi ni hili: "Nani amekileta?" Na jibu linatolewa haraka. Ni yule aliyefika mwisho. Ni ile familia iliyokimbia vita na kujenga kibanda chake kando ya maji. Ni watu wa kabila lile. Samaki wanapopungua ziwani, swali linarudi, na jibu linakuwa lile lile.

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya familia za wahami, kwa ajili ya wenyeji waliowapokea, na kwa ajili ya machifu, viongozi wa dini na komite za maji katika mkoa wa Haut-Lomami. Tunataka kueleza jambo moja. Mtu akijua maji yanatoka wapi, yanapita wapi na yanachafuliwa kwa njia gani, ataona kwamba jirani yake si adui. Atajua pia kazi ya kufanya kesho asubuhi.

Maji yetu yanatoka wapi

Kamina ni mji wa reli, umekaa juu ya uwanda, mbali na mto mkubwa. Mtu anaweza kuishi hapa miaka mingi bila kuuona Mto Lualaba kwa macho yake. Lakini anaula kila siku. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 njia ya kutoka Bukama kupitia Kamina ilifika Ilebo. Tangu wakati huo samaki wa maziwa yetu, wa kukaushwa na wa chumvi, wamesafiri kwa gari la moshi hadi masoko ya Kamina, Lubumbashi na Kasai. Mama anayepika bukari na samaki mkavu mjini Kamina anategemea maji ambayo hajawahi kuyachota.

Kamina iko katikati ya mito miwili. Upande wa magharibi kuna Lomami, unaoanzia katika nyanda hizi hizi, unakwenda kaskazini na kuingia katika Mto Kongo pale Isangi. Upande wa mashariki kuna Lualaba. Huo unaanzia kusini kabisa, karibu na mpaka wa Zambia. Unapita eneo la migodi la Kolwezi na bwawa la Nzilo, kisha unashuka hadi Bukama. Kuanzia Bukama nchi inakuwa tambarare. Maji yanapunguza mwendo na kutawanyika katika maziwa na vinamasi vingi. Maziwa yanayojulikana zaidi ni Upemba na Kisale. Mto Lufira, unaopita upande wa Likasi, unaungana na Lualaba katika bonde hilo hilo.

Baada ya hapo mto unapita Malemba-Nkulu, Ankoro, Kabalo na Kongolo, unavuka Maniema, na baada ya maporomoko ya karibu na Kisangani unaitwa Mto Kongo. Safari ya Lualaba peke yake ni kilomita karibu 1,800.

Tangu mwaka 2015, Katanga ya zamani imegawanywa katika mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Watawala wamegawana ardhi, lakini mto haukugawanyika. Maji hufuata mkondo. Linalomwagwa Kolwezi linaweza kufika Bukama, na linalomwagwa Bukama linaweza kufika Malemba-Nkulu. Kila mmoja wetu ana jirani wa juu na jirani wa chini.

Vinamasi vinafanya kazi gani

Watu wengi wanaona kinamasi kama mahali pabaya, pa mbu na matope. Lakini mafunjo yale yanafanya kazi kubwa bila malipo.

Kwanza, yanachuja maji. Maji ya mvua yakileta udongo, mafunjo yanapunguza nguvu yake, na udongo unashuka chini. Pili, ni mahali pa samaki kuzaa. Mvua zinapojaza bonde, samaki kama tilapia na kambare wanaingia katika maji ya chini yenye majani, na vifaranga wanajificha humo hadi wakue. Tatu, kinamasi kinapokea mafuriko kama sifongo, kinayatoa polepole wakati wa kiangazi.

Wazee wetu walilijua hilo. Wachimbuzi wa mambo ya kale walipochimba makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, walikuta vyungu, vyuma na mapambo ya shaba ya watu walioishi hapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Watu hao walitegemea uvuvi. Maziwa haya yamelisha watu kwa vizazi vingi kwa sababu samaki walipewa nafasi ya kuzaa. Sehemu ya bonde hili iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939.

Maziwa haya yamekuwa pia kimbilio. Mwishoni mwa mwaka 2005 na mwanzoni mwa mwaka 2006, wakati wa mapigano kati ya jeshi na Mai-Mai upande wa Mitwaba, maelfu ya watu walikimbilia Ziwa Upemba. Wengine waliishi juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea, bila udongo wa kuchimba choo na bila maji mengine ya kunywa isipokuwa yale ya ziwani. Mto uliwaficha na kuwalisha. Lakini maisha ya namna hiyo yanaonyesha pia jinsi mtu anavyoweza kulazimishwa kuchafua maji anayoyanywa, si kwa ubaya wa roho, bali kwa kukosa njia nyingine.

Kipindupindu hakiulizi kabila

Tuseme wazi juu ya ugonjwa huu, kwa sababu ndio unaoleta lawama nyingi.

Kipindupindu kiliingia upande wa mashariki wa nchi yetu mwishoni mwa miaka ya 1970. Tangu hapo kimekuwa kikirudi katika sehemu za maziwa, na bonde la Upemba ni moja ya sehemu hizo. Watafiti waliofuatilia wagonjwa wa miaka mingi, na kuchapisha kazi yao mwaka 2008, walionyesha kwamba maeneo ya kando ya maziwa ya mashariki mwa Kongo ndiyo yanayoutunza ugonjwa, na kutoka hapo unatembea hadi miji mingine. Kwa hiyo ugonjwa huu ulikuwapo kabla ya wahami wa leo kufika. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa.

Jambo la pili ni hili. Watu wengi wanaoambukizwa hawaugui, au wanaugua kidogo tu. Lakini vijidudu vinatoka katika kinyesi chao kwa siku kadhaa, hata siku 10. Mvuvi mwenye nguvu, mfanya biashara wa samaki, askari, mhubiri, yeyote anaweza kuvibeba bila kujua. Anayeonekana mgonjwa wa kwanza mara nyingi ndiye mnyonge zaidi: mtoto, mzee, au mtu aliyefika akiwa amechoka kwa njaa na safari. Kuugua kwanza si kuleta ugonjwa.

Tena lawama zinaua. Familia inayoogopa kulaumiwa inamficha mgonjwa ndani ya nyumba. Kipindupindu kikali kinaweza kumwua mtu kwa saa chache kwa kumaliza maji mwilini, lakini mgonjwa anayetibiwa mapema karibu kila mara anapona. Tena nguo za mgonjwa aliyefichwa zinafuliwa usiku mtoni. Hivyo kijiji kinachotafuta wa kumlaumu kinaueneza ugonjwa chenyewe.

Uchafu unaingia mtoni kwa njia nne

Badala ya kutafuta mtu, tutafute njia. Katika bonde letu njia kubwa ni nne.

Njia ya kwanza ni kinyesi. Pale vyoo vinapokosekana, mvua inasomba kila kitu hadi mahali pa kuteka maji. Choo kilichochimbwa karibu sana na kisima kinafanya vivyo hivyo chini ya ardhi, polepole.

Njia ya pili ni udongo. Watu wanapokata miti ya kingo za mto kwa ajili ya makala, na kulima hadi ukingoni kabisa, mvua inapeleka udongo mtoni. Maji yanakuwa mazito, vina vinapungua, mitumbwi inakwama, na mayai ya samaki yanafunikwa na matope. Mhami asiyepewa shamba analima ukingoni kwa sababu hapo hapana mwenyewe anayemfukuza. Mwenyeji naye analima hapo kwa sababu kiangazi udongo wake una unyevu. Wote wawili wanapoteza samaki.

Njia ya tatu ni uvuvi mbaya. Chandarua cha mbu kikigeuzwa wavu kinakamata hata vifaranga vidogo kama kucha. Zaidi ya hayo, dawa iliyo katika chandarua ni sumu kwa samaki. Wengine wanatia majini sumu ya mimea au dawa ya shambani. Siku hiyo wanapata samaki wengi, na mwaka unaofuata hakuna mtu anayepata. Sumu hiyo wanainywa pia wale wanaochota maji chini ya mkondo.

Njia ya nne ni migodi. Kolwezi na Likasi ziko katika eneo linalotoa sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia. Maji machafu ya migodi na ya viwanda vya kusafisha mawe yakiachwa yaende mtoni, yanabeba asidi na metali. Metali hizo hazioni haya ya kukaa: zinashuka katika matope, zinaingia katika wadudu wa majini, kisha katika samaki, kisha katika mwili wa mtu. Utafiti wa watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kobalti nyingi mno katika mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi ya Katanga. Hapa kuna jambo ambalo kila mama anapaswa kulijua: kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini hakuondoi metali. Njia hii haizuiwi jikoni. Inazuiwa kule inakoanzia.

Tukizitazama njia hizi nne, tunaona kwamba mbili za kwanza ni za watu wote, ya tatu ni ya wavuvi wa kila kabila, na ya nne inatoka mbali, kwa watu wenye nguvu ambao hatuwaoni. Hakuna hata moja iliyo ya mhami peke yake.

Ugomvi unavyowaka

Ugomvi juu ya maji unaanza na mambo madogo. Bidoni ya mtu imesogezwa nyuma kwenye foleni ya kisima. Wavu umekatwa usiku. Mbuzi ameingia katika bustani ya ukingoni. Mahali penye amani, mambo hayo yanaisha kwa maneno mawili. Mahali ambapo watu wamezoea kusema "sisi" na "wao", jambo dogo linakuwa jambo la kabila zima.

Mkoa wetu unajua gharama yake. Novemba 2023 huko Malemba-Nkulu, kifo cha mtu mmoja kilifuatwa na kulipiza kisasi juu ya watu wenye asili ya Kasai. Watu waliuawa, na familia nyingi zikakimbia. Waliolipa hawakuwa wale waliotenda kosa. Hatusemi kwamba mambo hayo yalitokana na maji. Tunasema kwamba mazoea ya kuwalaumu watu wote kwa jambo la mtu mmoja ni moto mkavu, na kipindupindu au njaa ya samaki inaweza kuwa kibiriti chake.

Kwa hiyo komite ya maji ni zaidi ya kikundi cha kutengeneza pampu. Ni mahali ambapo watu wa pande mbili wanakutana kila juma, kwa kazi, kabla ya ugomvi kufika.

Hatua za kufanya kijijini na kambini

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hizi ni hatua ambazo kijiji na wahami wanaweza kuzianza bila kungoja fedha kutoka mbali.

1. Tembeeni pamoja kando ya maji. Chagueni watu kama kumi: wenyeji na wahami nusu kwa nusu, wanawake wasipungue nusu, wawepo mvuvi, mkulima, na mtu wa kituo cha afya. Anzeni juu ya mkondo, mshuke. Katika daftari, chora mto na kuweka alama: hapa tunateka, hapa tunafua, hapa ng'ombe au mbuzi wanakunywa, hapa kuna vyoo, hapa ukingo umelimwa, hapa samaki wanazaa. Msitaje jina la mtu. Tajeni mahali tu.

2. Gaweni mkondo. Kila kazi iwe na mahali pake. Juu kabisa ni kuteka maji ya kunywa. Chini yake ni kuoga. Chini zaidi ni kufua, na mwisho ni wanyama. Kama kuna kijiji kingine chini yenu, zungumzeni nacho, kwa maana mwisho wenu ni mwanzo wao.

3. Wekeni vyoo mbali na maji. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisima au chemchemi, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1 na nusu juu ya maji ya chini ya ardhi. Katika sehemu za mafuriko inafaa kujenga choo kilichoinuliwa. Ambapo familia nyingi zinatumia choo kimoja, kipimo kinachokubaliwa na mashirika ya misaada ni watu wasiozidi 20 kwa choo.

4. Linda maji nyumbani. Maji machafu yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Kisha yachemshwe hadi yatokote vizuri kwa dakika 1 au zaidi, au yatiwe klorini kwa kipimo cha kituo cha afya na kungoja dakika 30. Yatunzwe katika bidoni yenye mdomo mwembamba na kifuniko. Kikombe kinachoingizwa ndani ya ndoo kwa mkono mchafu kinaharibu kazi yote. Mikono ioshwe kwa sabuni au majivu baada ya choo na kabla ya kula.

5. Jueni la kufanya mtu akihara sana. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, na njiani mnyweshwe bila kuacha. Kama hakuna pakiti ya dawa ya kunywa, changanya lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo wa kijiko. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

6. Acheni ukingo upumue. Kubalianeni upana wa ukanda usiolimwa kando ya maji, mpande humo majani, mianzi au miti. Lakini msimwondoe mtu ukingoni bila kumpa mahali pengine. Chifu anayeweza kumpa mhami kipande cha shamba juu ya mlima amelinda mto kuliko yule anayemfukuza.

7. Heshimuni wakati wa kuzaa. Serikali ya mkoa inapofunga uvuvi kwa miezi ya mvua, ni kwa ajili ya vifaranga. Komite iongeze sheria zake: mahali ambapo hapavuliwi kabisa, ukubwa wa matundu ya wavu, na marufuku ya sumu na vyandarua. Miezi hiyo ni migumu kwa asiye na shamba. Sheria isiyofikiri chakula chake itavunjwa usiku.

8. Sheria ziwe sawa kwa wote. Adhabu ya mtoto wa chifu iwe ile ile ya mtoto wa mhami. Kila kosa na kila malipo yaandikwe katika daftari, na daftari lisomwe mbele ya watu kila mwezi. Watu wanavumilia sheria ngumu. Hawavumilii sheria yenye macho.

Uchafu ukitoka mbali

Kuna mambo ambayo kijiji hakiwezi kuyamaliza peke yake. Mwezi Julai 2021, maji ya Mto Tshikapa katika Kasai yaligeuka rangi na samaki wakafa wengi sana. Uchafu ulitoka juu, upande wa Angola, katika mgodi wa almasi. Mwezi Septemba mwaka huo serikali ya Kongo ilitangaza kwamba watu 12 wamekufa na maelfu wameugua. Wavuvi na akina mama wa Kasai hawakuwa na kosa lolote. Kosa lao lilikuwa kuishi chini ya mkondo.

Jambo kama hilo likitokea kwetu, fanyeni hivi:

- Msiteke, msioge, msivue wala kula samaki waliokufa. Zuieni watoto na wanyama.
- Andikeni siku, saa, mahali, rangi na harufu ya maji. Pigeni picha kama kuna simu.
- Tumeni mtu kwa vijiji vya chini ya mkondo kuwaonya, siku hiyo hiyo. Hiyo ndiyo alama kubwa ya ujirani.
- Peleka habari kwa chifu, kituo cha afya, wakuu wa teritware na ofisi ya mazingira ya mkoa. Tunzeni nakala ya barua yenye tarehe na muhuri.
- Msichome gari wala kumpiga mfanyakazi. Mfanyakazi wa mgodi naye ana watoto wanaokunywa maji hayo hayo, na fujo inawapa wenye kosa sababu ya kutosikiliza.

Sheria iko upande wenu. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 48, inataja haki ya kupata maji ya kunywa, na kifungu cha 53 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na wajibu wa kuyalinda. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 imeweka kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Kuna pia sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015. Na sheria ya migodi, ilivyorekebishwa Machi 2018, inamtaka mwenye mgodi kulipa hasara aliyowaletea watu na mazingira kwa kazi yake, hata kama hakukusudia.

Wahami nao wasidhani sheria ni ya wenyeji tu. Mhami ni raia kamili. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi yao zinataja wazi haki ya maji safi, chakula, makao na usafi. Anayeishi hapa mwezi mmoja anaweza kuitia sahihi barua ya kijiji pamoja na aliyezaliwa hapa. Barua yenye sahihi za pande mbili ina uzito kuliko mbili zinazogombana.

Neno kwa viongozi

Chifu, mchungaji, padri, imamu, mwalimu, mama wa komite: ugonjwa ukiingia, neno lenu la kwanza ndilo litakaloamua. Mkisema, "Tumtafute aliyeleta," mmefungua mlango ambao ni vigumu kuufunga. Mkisema, "Twende tukaone maji," mmewapa watu kazi, na mtu mwenye kazi mkononi hana mkono wa kushika jiwe.

Nanyi wahami mlio na uchungu wa kuacha makwenu, tunajua ni vigumu kutunza mto wa ugenini ukiwa unafikiri siku ya kurudi. Lakini maji ya Lualaba mnayoyatunza hapa yanapita mbele ya vijiji vingi, na huenda yakapita mbele ya kile mlichokiacha. Ndugu aliyebaki kule chini anateka kutoka mikononi mwenu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

- Jirani yetu wa juu ya mkondo ni nani? Wa chini ni nani? Lini tulizungumza nao mara ya mwisho?
- Ugonjwa ulipoingia mara iliyopita, tulisema nini juu ya wageni? Je, ilikuwa kweli?
- Katika njia nne za uchafu, ni ipi tunayoweza kuifunga wenyewe kabla ya mvua zijazo?
- Nani hayumo katika komite yetu ya maji, na kwa nini?
- Miezi ambayo uvuvi umefungwa, asiye na shamba anakula nini? Tunaweza kumsaidiaje?